Mzigo wa Wawili Mlimani

Jubilei ya ndoa ikikaribia, bwana na bibi wengi huanza kupiga hesabu: hema la kukodi, viti, mbuzi, sare za wasimamizi, keki, mpiga picha. Sherehe ikipita hubaki picha na deni. Kwa hiyo wako wanandoa wanaoamua kwamba baada ya Misa ya shukrani wataondoka wawili tu, siku nne au tano, watembee. Wengine huenda kuhiji Subukia. Wengine, hasa wale ambao watoto wao wamekua na magoti bado ni mazima, huutazama Mlima Kenya, ambao wameuona kwa mbali maisha yao yote, na kuulizana: kwani sisi tukienda?

Somo la leo ni la hao. Tutazungumza juu ya mabegi, sufuria na vitu vya kulalia. Kama msomaji anashangaa kwamba mambo hayo yameingia katika ukurasa wa ndoa, na ajaribu kufungasha begi pamoja na mwenzake kwa saa moja bila kugombana.

Yesu alipowatuma mitume wake alianza na maagizo ya mzigo. Marko anasimulia katika sura ya 6 kwamba aliwatuma wawili wawili, wachukue fimbo na kuvaa viatu, lakini wasibebe mkoba, wala mkate, wala fedha, wala wasivae kanzu mbili. Yalikuwa maagizo ya kazi ya kuhubiri, na yeyote atakayekwenda juu ya Mlima Kenya bila kanzu ya pili atarudishwa na baridi kabla hajafika. Hata hivyo inafaa tuone kwamba kwenda wawili na kwenda wepesi vilitajwa mahali pamoja.

Paulo naye, katika Wagalatia sura ya 6, anasema mambo mawili ambayo kwa haraka yanaonekana kupingana. Katika aya ya 2 anawataka Wakristo wabebeane mizigo. Aya tatu baadaye anasema kila mtu atabeba wake mwenyewe. Katika Kigiriki alichoandikia, maneno ni mawili tofauti. La kwanza, baros, ni uzito unaomlemea mtu. La pili, phortion, ni furushi ambalo msafiri hubeba, au shehena ya merikebu. Basi kuna mizigo ya kusaidiana na kuna furushi ambalo kila mmoja analo lake. Anayejiandaa kupanda mlima na mwenzake lazima atenge kimoja kimoja, hiki ni cha wote wawili, hiki ni cha kila mtu, na akikosea hapo anaweza kuhatarisha maisha.

MIZANI KWANZA

Wanandoa wengi hufungasha hivi. Mama anapanga vitu vyote usiku, baba anaingia saa nne na kuuliza begi lake ni lipi. Asubuhi analiinua na kusema ni zito, lakini hajui ndani mna nini, na njiani ataulizia soksi zake mara tano. Au baba ndiye mwenye hamu ya mlima, amenunua kila kitu, na mama anakabidhiwa begi kama mtoto wa shule. Katika hali zote mbili mmoja anabeba asichokijua.

Afadhali mtandike shuka sakafuni wiki mbili kabla ya safari, mweke juu yake kila kitu mnachofikiria kubeba, mkipime. Mizani ya jikoni inafaa kwa vitu vidogo. Kwa begi zima, simama juu ya mizani ya kupimia watu ukiwa umelibeba, halafu bila begi, utoe tofauti. Andikeni. Mtashangaa. Blanketi zito la nyumbani hufika kilo tatu. Lita moja ya maji ni kilo moja, na hakuna namna ya kuipunguza.

Sasa mbebe kiasi gani? Mwaka 1986 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa hapa kwetu juu ya akina mama Waluo wanaobeba mizigo kichwani na akina mama Wakikuyu wanaobeba kwa ukanda wa kipajini. Watafiti waligundua kwamba mama hao waliweza kubeba mzigo unaofika asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya walizotumia wakitembea mikono mitupu. Walikuwa wamebeba tangu utotoni, na sisi wa ofisini na matatu tusijidanganye kwamba tutaweza vivyo hivyo. Lakini hiyo moja ya tano ni kipimo kizuri cha mwisho: begi lisizidi hapo, na kwa mlima mrefu libaki chini yake.

Tuchukue mfano. Bwana ana kilo 80, bibi ana kilo 60. Kila mmoja ana vitu vyake: begi lenyewe kilo 1.5, nguo kilo 2.5, maji lita mbili, mfuko wa kulalia kilo 1.4, mkeka wa sponji gramu 400, na vidogo vidogo gramu 400. Hizo ni kilo 8.2 kwa kila mtu. Vitu vya wote wawili ni jiko dogo la gesi pamoja na sufuria, kilo moja. Dawa, gramu 400. Na chakula cha siku nne, kilo 5.6. Jumla ya yote ni kilo 23.4.

Mkigawa sawasawa, kila mmoja atabeba kilo 11.7. Inaonekana ni haki. Lakini kwa bibi hiyo ni karibu asilimia 20 ya uzito wake, na kwa bwana haifiki 15. Mkigawa kwa kufuata uzito wa mwili, bwana atabeba kilo 13.4 na bibi kilo 10, na kila mmoja atakuwa na kama sehemu moja ya sita ya uzito wake. Hiyo ndiyo haki ya mlimani. Na hata hiyo ni ya kuanzia tu, kwa sababu mizani haijui nani ana goti bovu, nani ameketi ofisini miaka kumi na minane, na nani amekuwa akipanda na debe la maji kutoka mtoni kila siku. Katika nyumba nyingi bibi ndiye mwenye nguvu, na bwana atafaidika akilikubali hilo mapema kuliko kulitambua mlimani.

Jambo jingine ambalo wachache hulifikiria: chakula hupungua, sufuria haipungui. Anzeni kula chakula kilicho katika begi la yule anayechoka mapema. Siku ya pili begi lake litakuwa jepesi, na hakuna aliyeombwa msaada wala aliyetoa hotuba.

VYA WOTE NA VYA KILA MMOJA

Jiko moja linatosha. Sufuria moja ya lita mbili yenye mfuniko inatosha, vikombe viwili, vijiko viwili. Dawa ya meno moja, sabuni kipande, kisanduku kimoja cha dawa. Kila kitu mnachokibeba mara mbili bila sababu ni mzigo wa bure, na hapa ndipo wawili wanapowazidi watu wawili waliokutana tu njiani: wamezoea kutumia taulo moja.

Hema tumeliacha nje ya hesabu kwa makusudi. Hema jepesi la watu wawili lina kilo mbili hivi, na lile la bei rahisi hufika tatu au nne. Lakini anayepanda kwa njia ya Sirimon atakuta vibanda vyenye vitanda katika kambi ya Old Moses, mita 3,300 juu ya usawa wa bahari, na katika kambi ya Shipton, mita 4,200. Ukiweka nafasi humo, hema linabaki nyumbani. Kwa njia ya Chogoria, ambayo ni nzuri kuliko zote kwa macho, mjiandae kulala katika hema. Basi kuchagua njia ni kuchagua mzigo, na wanandoa wanaokwenda mara ya kwanza tungewashauri waanze na Sirimon.

Vipo vitu ambavyo havina ubia. Jaketi la mvua, sweta, kofia, glavu, tochi, firimbi, chupa ya maji na chakula kidogo cha mfukoni, kila mmoja awe navyo vyake katika begi lake mwenyewe. Ukungu wa mlimani hushuka kwa dakika chache. Mmoja akiwa nyuma kwa sababu ya haja ndogo na mwingine akazunguka jiwe, wanaweza kupotezana. Wakati huo tochi iliyo katika begi la mume haimsaidii mke. Kwa hiyo msiruhusu maneno kama, "Usijali Mama Akinyi, mimi nina yangu." Upendo usichukue mahali pa tochi.

Kuna na kitu cha tatu, ambacho hakimo katika vitabu vya wapanda milima. Kila mmoja aruhusiwe kitu kimoja cha moyo, kisichozidi gramu 300, ambacho mwenzake haruhusiwi kukijadili. Redio ndogo ya bwana. Leso ya bibi, ambayo hata hivyo itatumika kama taulo, shali, pazia la kubadilishia nguo na mto. Kwa vitu vingine vyote kanuni iwe hii: unaweza kuondoa kitu katika fungu lako, lakini katika fungu la mwenzako unauliza tu. Maneno "hiki ni cha nini?" yana namna mbili za kutamkwa, nanyi mnazijua. Biblia kubwa ya familia ibaki mezani. Injili ya Marko peke yake, ile ya kijitabu, inatosha siku nne, na rozari ya uzi wa mafundo haina uzito wowote.

KULALA

Hapa tukae kidogo, kwa maana usiku wa Shipton baridi hushuka chini ya nyuzi sifuri, na wasiolala hawapandi.

Mfuko wa kulalia hauna moto ndani yake. Kinachokupa joto ni mwili wako mwenyewe, na kazi ya mfuko ni kuishika hewa iliyopashwa na mwili katika manyoya au pamba yake. Pamba unayoilalia inabanwa na uzito wako, hewa inatoka, na upande wa chini haukusaidii tena. Kinachokutenga na ubaridi wa chini ni mkeka wa sponji. Ndiyo sababu mtu aliyefunikwa blanketi tatu juu ya sakafu tupu hutetemeka mpaka asubuhi.

Kwa kuifahamu siri hiyo, mume na mke wa Marekani, Ray na Jenny Jardine, waliotembea njia ndefu iitwayo Pacific Crest Trail mara tatu, 1987, 1991 na 1994, walijishonea blanketi moja la watu wawili lisilo na upande wa chini. Njia hiyo ina zaidi ya kilomita 4,200, kutoka mpaka wa Mexico hadi Kanada. Walishona hata mabegi yao, na kadiri mzigo ulivyopungua ndivyo walivyomaliza njia kwa muda mfupi zaidi. Wengi wamewaiga tangu hapo, na hesabu yao ni sahihi: miili miwili chini ya kifuniko kimoja hupashana joto, na uzito unapungua.

Hata hivyo kwa Mlima Kenya sisi tungependa njia nyingine. Blanketi moja haligawanyiki. Mmoja akiugua saa saba za usiku na ikabidi ashushwe na mwongozaji, mwingine atabaki na nini, au mgonjwa atafunikwa na nini? Tafuteni mifuko miwili ya kulalia ya aina moja, mmoja zipu yake iwe upande wa kushoto na mwingine upande wa kulia. Zikiungana mnapata kitanda cha wawili, na zikiachana kila mmoja ana chake. Kabla ya kununua, jaribuni zipu hizo palepale kwa muuzaji, kwa sababu meno ya zipu yakitofautiana kidogo hayaingiliani. Kama mnayo tayari mifuko isiyoungana, fundi cherehani mwenye mashine nzito atabadilisha zipu ya mmoja. Mwambieni pia ashone kipande cha sweta la mtumba mahali mabega mawili yanapokutana. Mapengo ya hapo ndipo baridi yote hupita, kama wanavyojua wote waliolala na mtu anayevuta blanketi.

Kama mmoja hugeuka-geuka usiku au hukoroma sana, msione haya kulala mkiwa mmetenganisha zipu. Juu mlimani mwili hutoa mkojo mara nyingi zaidi, na anayeamka mara tatu atamwamsha mwenzake mara tatu.

FUNDI NA MTUMBA

Vifaa vipya vya milimani ni ghali, na hatungependa kusikia kwamba karo ya muhula wa pili ilipandishwa Mlima Kenya. Vitu vizito vya bei kubwa, kama mfuko wa kulalia wa baridi kali, vinaweza kukodishwa kwa wanaoongoza safari Nairobi, Nanyuki na Naro Moru. Vingine vinapatikana Gikomba au Toi kwa mwenye subira. Chagueni sweta za sufu au za kitambaa kile chepesi chenye manyoya. Jeans na fulana za pamba zibaki nyumbani, maana pamba ikilowa haikauki mlimani na inanyonya joto la mwili.

Viatu vya mtumba vitazameni kwa makini. Viatu vilivyokaa miaka mingi ghalani huonekana vipya, halafu soli inabanduka siku ya pili. Vikunjeni kwa nguvu, mkamweke fundi viatu ashone soli kuzunguka pande zote. Msichague vizito kwa kudhani ndiyo uimara. Uzito wa mguuni unauinua kwa kila hatua, na unachosha kuliko huo huo mgongoni.

Begi la mgongoni lisilo na mkanda wa kiunoni linafaa shuleni tu. Mkanda huo ukikaa juu ya mifupa ya nyonga, uzito mwingi hutoka mabegani na kushuka miguuni. Mabegi mengi yamekatwa kwa mgongo wa mwanamume mrefu, na mke akilivaa mkanda unamwangukia mapajani. Asivumilie. Fundi anaweza kupandisha mkanda sentimita tano, kusogeza mikanda ya mabega ikaribiane, na kuongeza sponji ya godoro kuukuu. Huo ni ushonaji wa saa mbili, na unamwondolea mtu maumivu ya siku tano.

Anayedhani mlima unataka vifaa vya kutoka ng'ambo akumbuke mwaka 1943. Waitalia watatu waliokuwa mateka wa vita Nanyuki, Felice Benuzzi na wenzake Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambini ili waupande mlima waliokuwa wakiuona kila siku nyuma ya seng'enge. Shoka zao za barafu zilitokana na nyundo, meno ya viatu yalikatwa katika vyuma chakavu, na kamba zilitokana na katani ya vitanda vyao. Barsotti aliugua, wakamwacha akipumzika kambini. Benuzzi na Balletto wakajaribu kilele cha Batian wakashindwa, kisha wakafika Lenana. Baada ya siku 18 wote watatu walirudi wakajisalimisha. Walibanwa hasa na njaa, maana chakula kilikuwa kidogo, na hilo linatuleta jikoni.

JIKONI

Kuni haziruhusiwi kukatwa ndani ya hifadhi, kwa hiyo mtapika kwa gesi. Kule Shipton maji huchemka kwenye nyuzi kama 86 tu, na maharagwe au githeri mbichi hayataiva hata mkiketi hapo siku nzima. Bebeni vinavyoiva upesi au vilivyokwisha kuiva: unga wa uji uliokaangwa, oti, tambi nyembamba, mboga na nyama iliyokaushwa, omena, njugu, ndizi kavu, sukari. Hesabuni gramu 700 kwa mtu kwa siku. Ondoeni makopo na maboksi nyumbani, mpime kila mlo wa watu wawili katika kimfuko chake cha kitambaa kilichoshonwa, mwandike juu yake siku.

Tunasema cha kitambaa kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, pamoja na chupa za maji, haziruhusiwi katika hifadhi za taifa. Chupa iwe ya kudumu. Kukinga begi na mvua, mshoneeni mfuko wa ndani kwa kitambaa cha koti la mvua lililochakaa. Mifuko ya kulalia na sweta za usiku ndizo zitangulie kuingia humo.

KICHWA KINAPOUMA

Lenana ina mita 4,985. Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, ni vya wapanda miamba wenye kamba, na wanandoa wetu waviache. Hata Lenana, hewa ya kupumua iliyopo ni zaidi kidogo ya nusu ya ile ya Mombasa. Mwili unahitaji siku za kuzoea. Kutoka Old Moses hadi Shipton ni kupanda mita 900 kwa siku moja, ambayo ni mengi mno kwa kulala, kwa hivyo laleni Old Moses usiku mbili. Siku ya katikati pandeni polepole mkiwa na maji tu, kisha mrudi. Mama mjamzito angoje mwaka mwingine. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kulipa chochote.

Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi ni dalili za mwanzo. Mwenye dalili hizo asipande tena mpaka ziishe. Lakini akianza kuyumba kama mlevi, kusema maneno yasiyopangika, au kuhema hali ameketi, hakuna kungoja asubuhi. Ashuke saa hiyo hiyo, usiku au mchana, pamoja na mtu. Vijana wenye nguvu wamekufa katika milima ya namna hii kwa kungoja kupambazuke.

Na hapa ndipo tulipokuwa tukielekea tangu mwanzo. Begi linaweza kupimwa kwa mizani, lakini kichwa cha mwenzako hukioni. Mume anaumwa tangu saa tisa na ananyamaza, kwa sababu yeye ndiye aliyeitaka safari. Mke anasikia kichefuchefu na ananyamaza, kwa kuwa pesa zimelipwa na mumewe amefurahi kama mtoto. Kila mmoja anadhani anambebea mwenzake mzigo. Kwa kweli anamficha jambo ambalo mwenzake anahitaji kulijua ili amwokoe. Wanaoishi hivyo nyumbani, wakificha deni, uchungu au uvimbe katika titi kwa miezi, watafanya vivyo hivyo mlimani, na mlima hautoi miezi.

Basi patana nyumbani, kabla ya kuondoka, juu ya mambo mawili. La kwanza, kila saa mtasimama, na kila mmoja atataja namba kutoka sifuri hadi kumi ya jinsi kichwa kinavyouma, hata kama ni sifuri. Namba ni rahisi kuitoa kuliko kulalamika. La pili, yeyote kati yenu akisema "turudi", mnarudi, wala hakuna atakayeulizwa sababu mpaka mfike chini. Mwongozaji aambiwe patano hilo mbele yenu wote wawili. Na mwongozaji msikose, awe aliyesajiliwa. Msiende wenyewe hata kama mna ramani nzuri.

Wengine watauliza juu ya wapagazi. Kumwajiri mpagazi si aibu, na kwa wanandoa waliopita miaka hamsini tungesema ni busara. Lakini mzigo wake upimwe kama wenu, aulizwe kama ana sweta na mahali pa kulala, na malipo yake yajulikane kabla ya kuondoka. Tusipunguze begi letu kwa kumrundikia mtu ambaye hatujui hata jina lake.

ZOEZI LA MWEZI

Jumamosi moja kabla ya mwisho wa mwezi, wakabidhini watoto kwa shangazi yao. Jazeni mabegi yote mawili kwa uzito ule mlioandika, pamoja na maji, mpande vilima vya Ngong au mlima wowote ulio karibu nanyi, saa nne kwenda na kurudi. Fuateni kanuni ya namba hata kama hapo hakuna ugonjwa wa hewa, mradi mzoee kusema. Nusu ya njia badilishaneni mabegi kwa dakika ishirini.

Jioni tandikeni shuka ile ile sakafuni, mtoe kila kitu, mfanye mafungu matatu: tulichokitumia, ambacho hatukukitumia, na ambacho tulikitamani tukakikosa. Katika fungu la pili bakizeni dawa, tochi, firimbi na jaketi la mvua, hata kama jua liliwaka kutwa. Vingine virudi kabatini. Halafu pimeni upya, mwandike namba mpya kando ya zile za zamani, na kila mmoja amwambie mwenzake begi lake lilikuwaje.